Manati ya mbali: kupiga shabaha mita 20 hadi 40 bila kubahatisha

Mita 10 kila mtu ni fundi. Weka kopo kubwa la maziwa ya unga juu ya kichuguu, mpe manati kijana yeyote wa Igoma au Kitangiri hapa Mwanza, na baada ya mapigo matatu manne kopo liko chini. Lisogeze kopo hilohilo hadi mita 30, majigambo yote yanaisha. Hapo wengi husema mpira hauna nguvu. Wanaongeza mwingine juu ya ule wa kwanza, wanavuta mpaka mkono unatetemeka, na jiwe linakosa kama kawaida, ila sasa linakosa kwa kasi.

Umbali hauleti kosa jipya, unakuza lile ulilokuja nalo. Tuseme kutoka kwenye panda, ule mti wenye pembe mbili, hadi shavuni unavuta sentimita 80, na safari hii ngozi inayoshika gololi imekaa nusu sentimita pembeni ya pale ilipokaa safari iliyopita. Mita 10 mbele gololi itakuwa imehama sentimita 6, na lile kopo bado utalikwangua ukingoni. Mita 30 mbele imehama karibu sentimita 19, na aliyesimama nyuma yako hajui hata ulikuwa unalenga nini.

Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili, tena kwa mpangilio huu: kwanza kufanya kila pigo lifanane na lililotangulia, halafu kujua gololi inashuka kiasi gani kwa umbali upi. Anayeanza na la pili anamaliza gololi zake bure.

Mahali pa kupigia

Mwanza ina tatizo lake, nalo ni majabali. Gololi ya chuma ikigonga granaiti haisimami. Inarudi, na upande inaorudi haujulikani mpaka imefika. Kwa hiyo nyuma ya shabaha yako pasiwe na jiwe, pawe na udongo. Kichuguu kikubwa kilichokufa, kama vile vya njia ya Kisesa na Usagara, ni ukuta mzuri kuliko wowote utakaojenga. Kingo ya shimo la mchanga nayo inafaa.

Kama huna udongo, ning'iniza blanketi zito la mtumba (sokoni Mlango Mmoja huwezi kukosa) kwenye kamba, likunje mara mbili, na chini liache huru. Likifungwa chini linakuwa gumu kama ngoma na gololi inadunda. Likiachwa huru linapokea pigo, linayumba, na gololi inadondoka hapohapo. Tandika turubai chini yake uokote gololi zako bila kutafuta. Wavu wa dagaa uliochakaa ukiuning'iniza nyuma ya blanketi utadaka zile zinazopenya.

Usipige kuelekea ziwani. Maji yanarusha jiwe mbele kama ardhi ngumu, na kati ya mawimbi huwezi kuona kichwa cha mtoto anayeogelea wala mtumbwi mdogo uliolala chini. Usipige pia kutoka juu ya mlima, kama Mabatini au Igogo, kwenda bondeni. Chini yako kuna mabati ya watu, na gololi iliyorushwa kwa pembe ya juu inaweza kwenda zaidi ya mita 100 kabla haijatua. Ndege waache. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu uwindaji bila leseni, na mwongozo huu ni wa makopo na makatoni tu.

Halafu vaa miwani. Ile ya plastiki angavu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi inatosha. Mpira wa manati hukatika zaidi karibu na ngozi, yaani pale karibu na uso wako, na kipande hurudi nyuma ukiwa umekodoa jicho.

Panda

Mpera ndio mti wa kazi hii na sioni sababu ya kuhangaika na mwingine. Tafuta tawi lililoachana sawasawa, pembe zote mbili zina unene mmoja, zimepanuka kiasi cha sentimita 8 au 9 kwenye ncha. Likaushe kivulini wiki kadhaa na magome yake. Ukiliweka juani linapasuka.

Watu hupenda panda ndefu kwa sababu inaonekana ya kiume. Kwa mbali panda ndefu ni adui. Kadiri ncha zinavyokuwa juu ya ngumi, ndivyo mpira unavyopata nguvu ya kupindisha kifundo cha mkono wako, na kifundo kikichoka pigo linapanda juu. Kata pembe ziwe fupi, kiasi kwamba kidole gumba kinaegemea pembe moja na kidole cha shahada kinaegemea nyingine. Funga duara la mpira kwenye mpini pale ngumi inapoishia, ili kila ukishika mkono urudi palepale.

Mpira

Hapa ndipo shabaha ya mbali inaponunuliwa au kupotezwa. Tyubu nyingi za baiskeli siku hizi ni za butili, mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kuzuia hewa isitoke. Kazi hiyo unaiweza, lakini kurudi haraka hauwezi: ukiuachia unajikunja kwa uvivu na nguvu nyingi unabaki nayo wenyewe. Lateksi, yaani mpira wa asili, inarudi kwa kasi zaidi kwa mvuto uleule. Ile mikanda ya kahawia ambayo manesi hufunga mkononi kabla ya kutoa damu mara nyingi ni lateksi, na maduka ya vifaa vya hospitali huiuza. Kama huna, tyubu itakufikisha mita 20 kwa heshima, lakini usiulaumu mkono wako kwa mita 40.

Kata kwa wembe mpya na rula juu ya kioo, kwa mkato mmoja bila kusimama. Mkasi huacha vijino ukingoni, na kila kijino ni mahali mpira utakapoanza kuchanika. Kwa lateksi ya kawaida anza na upana wa milimita 20 upande wa panda na milimita 15 upande wa ngozi. Ukipungua hivyo kuelekea nyuma mpira unakuwa mwepesi pale panapotakiwa kwenda haraka. Urefu unatokana na mvuto wako. Lateksi hukubali kuvutwa mara nne na nusu hadi tano ya urefu wake, kwa hiyo mtu wa sentimita 80 afunge mpira wenye sentimita 17 au 18 kati ya kifundo na kifundo. Tyubu hugoma mapema. Mpe sentimita 23 hivi.

Vipande viwili lazima vilingane, na macho hayatoshi kuhakikisha. Vifunge, vuta ngozi taratibu nusu ya mvuto, na mwambie mwenzako aweke rula pande zote mbili. Kipande kimoja kikiwa kifupi kwa milimita 3 tu kinavuta zaidi kuliko mwenzake, na gololi inatoka ikiwa imeelekea upande. Kosa hilo utalihangaikia mwezi mzima ukidhani ni la mkono wako.

Vifundo vifungwe kwa utepe mwembamba wa mpira uliovutwa, si kwa uzi wa nyavu. Najua uzi wa nyavu umejaa kila kona kuanzia Mwaloni hadi Igombe na ni imara kweli, ila ni imara kupita mpira: kila ukivuta unausaga, na baada ya muda unaukata kama msumeno.

Lateksi inaogopa jua. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya bati. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na poda kidogo ya mtoto.

Ngozi

Ulimi wa kiatu cha zamani cha ngozi, basi. Muulize fundi viatu, atakupa bure. Kata kipande cha sentimita 6 kwa 2, kikunje katikati upande wa urefu na upande wa upana ili uone kama pande zinafanana, kisha palipokutana mikunjo toboa tundu dogo la msumari. Tundu hilo si urembo. Gololi inakaa ndani yake yenyewe, na vidole vyako vinaijua katikati bila wewe kutazama. Ngozi ikianza kujinyonga au kuvutika upande mmoja, tupa.

Gololi

Jiwe la barabarani halina nafasi kwenye mita 30. Mawe mawili unayodhani yako sawa yanaweza kutofautiana uzito kwa theluthi, na umbo la jiwe linashika hewa kila moja kwa namna yake. Pigo zuri linakosa, pigo baya linapiga, na hujifunzi chochote.

Gololi za chuma za beringi ndizo bora. Zile za baiskeli zenye milimita 6 zina gramu 1 tu na upepo unazichezea. Za beringi za magari zenye kipenyo cha milimita 9 na nusu zina gramu 3 na nusu, na za milimita 10 zina gramu 4: huu ndio uzito wa mbali kwa mpira nilioueleza. Ukienda kwenye magereji ya Nyakato ukaomba beringi zilizokufa utapata, ila zitakuja mchanganyiko. Tafuta mfuniko wa plastiki, toboa tundu ambalo gololi moja unayoitaka inapita kwa shida kidogo, kisha pitisha zote. Zinazopita bila kugusa weka kopo moja, zinazokwama kopo lingine, zinazopita kwa kugusa ndizo za kupigia. Zenye kutu au madoa ya kulika zitupe. Gololi za kioo za watoto, zile za milimita 16, zina gramu 5 na zaidi. Ni nzito na zinapasuka zikigonga kitu kigumu, kwa hiyo mimi nazikwepa.

Kwa mazoezi ya karibu, na hasa kama majabali yamekuzunguka, udongo wa mfinyanzi hauna mpinzani. Uponde, uchuje kokoto zote, uukande mpaka unyooke mkononi bila kupasuka. Chukua kizibo cha soda, kijaze udongo, sawazisha juu kwa wembe, toa, viringisha kati ya viganja. Kila kipande kimetoka kwenye kipimo kilekile, kwa hiyo uzito unakaribiana sana. Vianike kivulini siku mbili, kisha juani mpaka rangi ibadilike kote. Haviruki mbali, lakini vikigonga jiwe vinakuwa vumbi na hakuna kinachomrudia mtu. Vile vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu usivitumie, hata kama ni vizito vizuri: madini hayo yana sumu, yanabaki vidoleni, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyomega ugali.

Kusimama, kuvuta, kutazama

Kwanza jua jicho lako. Nyoosha mikono yote, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, tazama kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, tuseme mnara wa simu, macho yote yakiwa wazi. Funga la kushoto. Kama mnara bado upo, jicho lako la kazi ni la kulia. Kama umepotea, ni la kushoto. Mkono wa kuvutia ngozi uwe upande wa jicho hilo. Mtu wa kulia mwenye jicho la kushoto anaweza kubadilisha mikono. Wiki mbili za kwanza ni mateso, kisha mwili unazoea.

Nitaeleza kwa mtu wa kulia. Simama ubavu ukielekea shabaha, miguu imeachana upana wa mabega. Mkono wa kushoto umeshika panda, umenyooka bila kukaza kiwiko. Sasa ilaze panda, pembe zielekee kulia, ili mpira mmoja uwe juu na mwingine chini yake. Wengi wetu tulikua tukishika panda wima na kulenga katikati ya pembe, kwa kukisia. Ukiilaza, ule mpira wa juu unakuwa mstari unaotoka chini ya jicho lako hadi shabaha. Mpira wa juu ukiufunika wa chini sawasawa, kushoto na kulia kumekwisha. Kimebaki kimo tu.

Ngozi ishike kwa kidole gumba na pembeni ya kidole cha shahada, na gololi iwe mbele kidogo ya vidole. Bana kwa nguvu ya kutosha tu. Vuta kwa mgongo, siyo kwa kiwiko: bega la kulia lirudi nyuma kana kwamba unataka kuligusanisha na uti wa mgongo. Simama pale kifundo cha kidole gumba kinapogusa kona ya mdomo. Hicho ndicho kituo chako. Hakuna kituo kitakatifu. Wengine hutumia mfupa wa shavu, wengine ncha ya sikio. Lakini chagua kimoja chenye mfupa au kona unayoihisi bila kutazama, kwa sababu shavu ni nyama na nyama haina alama.

Kituo kinalinda mambo mawili. La pembeni tumeliona. La pili ni urefu wa mvuto, na hili watu hawalihesabu. Mpira wa sentimita 18 unaovutwa hadi 80 umenyooka sentimita 62. Ukikatisha sentimita 3 tu kwa uchovu, umepunguza karibu asilimia 5 ya kasi, na kwenye mita 30 gololi itatua sentimita 20 chini zaidi. Ulilenga vizuri, uliachia vizuri, ukakosa chini. Mwambie mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni mapigo kumi mfululizo, kisha tazama mahali kidole gumba kinapoishia kila mara. Video haina urafiki.

Kuachia

Vuta pumzi, toa nusu, tulia. Ukikaa kwenye mvuto kamili zaidi ya sekunde tatu nne, misuli inaanza kutetemeka. Shusha, pumzika, anza upya. Kurudisha mvuto si aibu.

Kuachia ni kulegeza. Kidole gumba na cha shahada vinafunguka kwa pamoja na ngozi inajiondokea yenyewe. Ukiunyakua mkono kwenda nyuma au kuuchanua pembeni, umeisukuma ngozi upande kabla haijaondoka, na unakumbuka nusu sentimita inafanya nini mita 30 mbele. Dalili ya kuachia kuzuri ni kwamba mkono wa kulia unabaki karibu na shavu. Mkono wa kushoto nao ubaki palepale, panda ikitazama shabaha, mpaka usikie mlio. Hamu ya kushusha panda ili uone gololi imefika wapi huharibu mapigo mengi. Unaanza kushusha kabla gololi haijatoka kwenye panda.

Gololi ikigonga panda au kukuuma kidole, mara nyingi ngozi imevutwa ikiwa imejipinda. Ishike bapa, tazama mpira wa juu na wa chini ziende sambamba.

Kundi kwanza, katikati baadaye

Bandika katoni, chora nukta, rudi mita 10, piga gololi tano bila kurekebisha chochote. Usijali zimetua wapi. Jali zimekaribiana kiasi gani. Tano zilizokusanyika kwenye upana wa kiganja, nusu mita kulia kwa nukta, ni kazi nzuri kuliko moja iliyopasua nukta na nne zilizotapanyika. Kundi lililokaa pamoja unalihamisha kwa kubadilisha unapolenga. Mtapanyiko hauhamishiki.

Kundi la mita 10 likiwa ndani ya sentimita 10, rudi mita 15. Kisha 20. Tegemea kundi likue pamoja na umbali: sentimita 10 za mita 10 ni 20 za mita 20 na 30 za mita 30, hapo hujaharibu kitu. Likikua kupita hapo, na hasa likirefuka juu na chini, mvuto wako unabadilika au gololi hazilingani. Likipanuka kushoto na kulia, ni kuachia. Mapigo 40 kwa siku yanatosha. Baada ya hapo unaufundisha mwili uchovu.

Gololi inashuka kiasi gani

Pima kasi yako kwanza, na huhitaji kifaa cha fedha nyingi. Chukua programu yoyote ya simu inayorekodi sauti na kuonyesha mawimbi yake. Weka simu miguuni pako, ning'iniza mfuniko wa sufuria mita 20 mbele, upige. Kwenye rekodi kuna vilele viwili: mpira ukiachiwa, na mfuniko ukilia. Tuseme kati yao kuna sekunde 0.50. Mlio wa mfuniko ulisafiri mita 20 kukurudia kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, yaani sekunde 0.06. Toa, inabaki 0.44. Gawanya 20 kwa 0.44: mita 45 kwa sekunde.

Kwa kasi hiyo, bila kuhesabu hewa, gololi iliyotoka ikiwa imenyooka inashuka sentimita 24 kwenye mita 10, sentimita 97 kwenye mita 20, mita 2.2 kwenye mita 30, na mita 3.9 kwenye mita 40. Umbali ukiongezeka mara mbili, mshuko unaongezeka mara nne. Hewa inaongeza kidogo juu ya hapo.

Sasa weka msingi kwenye mita 15: tafuta namna ya kulenga ambayo ukiweka ukingo wa juu wa panda kwenye nukta, kundi linatua kwenye nukta. Kama linatua juu, pandisha kituo kidogo; likitua chini, kishushe. Ukishakuwa na msingi huo, ning'iniza shuka refu lenye nukta karibu na juu. Lenga nukta hiyohiyo kutoka mita 10, 20, 25 na 30, mapigo matano kila umbali, na weka alama pale kila kundi lilipotua. Kwa kasi ya 45 utaona kitu kama hiki: sentimita 10 juu kwenye mita 10, robo mita chini kwenye mita 20, nusu mita na kidogo kwenye 25, mita nzima kwenye 30. Namba zako zitatofautiana, na za kwako ndizo za kuandika daftarini.

Badala ya kulenga hewani juu ya shabaha, hamishia namba hizo kwenye panda. Panda ikiwa sentimita 80 kutoka jichoni, sentimita 1 ya mti inafunika sentimita 37 kwenye mita 30. Kwa mfano wetu alama ya mita 20 inakaa milimita 9 chini ya ukingo wa juu wa pembe, na ya mita 25 milimita 18. Chora mistari kwa rangi ya kucha, nyekundu na nyeupe. Ukiwa mita 20 unapandisha panda mpaka mstari wa kwanza ukae kwenye shabaha; mita 25, wa pili.

Mita 30 pembe imekwisha, mstari ungeangukia hewani. Hapo badilisha kituo. Ukishusha kidole gumba sentimita 3 kutoka kona ya mdomo hadi ukingo wa taya, pigo la mita 30 linapanda mita 1.1, karibu kabisa na ulichokuwa umepoteza, na unarudi kulenga kwa ukingo wa juu kama kawaida. Vituo viwili, mdomo na taya, vinatosha. Kwa mita 40 tumia taya pamoja na mistari, na usitafute kopo, tafuta debe.

Kujua umbali

Ukilenga kwa mita 30 kumbe shabaha iko mita 35, kwa kasi yetu gololi inatua karibu sentimita 40 chini. Ukikisia vibaya mita 5, hakuna kuachia kutakakokuokoa.

Kipimo kizuri kiko kwenye kila uwanja wa mpira wenye vipimo kamili. Nukta ya penati iko mita 11 kutoka golini, na mstari wa boksi mita 16 na nusu. Simama kwenye nukta, tazama mlingoti, uukariri machoni. Halafu nje ya uwanja hesabu kwa penati: mbili ni 22, tatu ni 33. Jaribu kukisia, kisha pima kwa hatua ulizozipima mwenyewe kwa futi ya fundi. Ng'ambo ya maji au kiwanja kitupu kitu huonekana karibu kuliko kilivyo, kwa hiyo ukikisia kuvuka ghuba ndogo ya Luchelele ongeza.

Milima yetu nayo ina hesabu yake. Ukipiga kwenda juu au kwenda chini, uzito wa gololi unafanya kazi kwenye umbali uliolala, siyo ule wa mteremko. Shabaha iliyo mita 30 kwenye mteremko wa nyuzi 30 ichukulie kama mita 26. Maana yake mlima wa kupanda na wa kushuka, kote mbili unalenga chini kidogo kuliko ulivyozoea. Wengi wanajua la kushuka. La kupanda huwashangaza.

Upepo wa ziwa

Wavuvi wanaujua bila kufundishwa. Usiku na alfajiri hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani, taratibu. Jua likishapasha ardhi, kuanzia saa nne au saa tano hivi, inageuka na kuvuma kutoka ziwani, ikikaza mchana. Kwa hiyo pima namba za daftari asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Chagua pia upande ambao jua liko mgongoni, maana mng'ao wa ziwa unakufanya ukunje jicho na ukikunja jicho unahamisha kichwa.

Alasiri funga uzi mwepesi au kipande cha nailoni karibu na shabaha, si karibu yako, kwa kuwa kati ya majabali upepo unazunguka na ulipo wewe unaweza kuwa kimya. Ukivuma kutoka pembeni, piga mapigo mawili ya kujaribu, ona gololi imesukumwa kiasi gani, lenga kinyume kwa kiasi hicho. Udongo unasukumwa sana, chuma kidogo. Upepo ukiwa unakuja kwa vipindi, subiri kipindi kitulie.

Ubaridi wa asubuhi unaupunguza mpira kasi kidogo na joto la mchana linaiongeza. Vuta mara kumi bila gololi, taratibu na bila kuachia, kabla ya kundi la kwanza.

Kila mara kabla ya kupiga kagua mpira pale unapoungana na ngozi. Ufa wa milimita moja unatosha kuubadilisha. Na ukibadilisha mpira, hata kama umekatwa kutoka kwenye mkanda uleule, zile namba za daftarini si zako tena: ning'iniza shuka, rudi mita 15, anza na kundi la tano.